KITI CHA JAJI SI MALI YA MKUBWA

Yako maneno yasemwayo sana katika matawi ya vyama vya siasa, na hata kazini wakati wa chakula cha mchana, kwamba mawakili wanaopiga kelele juu ya uhuru wa mahakama ni mabwana wa mjini wanaojitetea wenyewe. Husemwa kwamba chama kikishachaguliwa na wananchi kimekwisha kupata amri ya wananchi, na kwamba jaji, ambaye hakupigiwa kura na mtu yeyote, hana haki ya kusimama njiani akazuia kazi ya serikali ya watu. Husemwa tena kwamba haki za binadamu ni wimbo wa wageni, na kwamba mwenye njaa hali sheria.

Twayajua maneno hayo, wala hatuyadharau, kwa kuwa wengi wa wayasemao ni watu wema wanaotaka shule, dawa na barabara zije upesi. Lakini hatukubaliani nao. Twasema kwamba katika watu wote wa nchi, anayemhitaji zaidi jaji asiyemwogopa mkubwa ni mfanyakazi na mkulima. Na wa pili wake, pengine hata kabla yake, ni mwanachama wa chama chenyewe. Tajiri ana njia nyingi za kujiokoa: anayo simu ya waziri, anazo fedha ng'ambo, anayo tikiti ya ndege. Kabwela ana mahakama tu. Basi leo twataka kuitazama Kenya, si kwa kumcheka jirani, maana hakuna nchi katika sehemu zetu hizi isiyo na aibu yake, bali kwa sababu mambo ya Kenya yamesemwa mahakamani mchana kweupe, yameandikwa, na mengi yamekwisha kulipiwa fidia na serikali ya huko yenyewe.

Kwanza tuwakumbushe wanachama jambo ambalo wazee wao wanalijua: Kapenguria. Mwishoni mwa 1952 serikali ya kikoloni ilimshtaki Mzee Jomo Kenyatta pamoja na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng' Oneko. Kubai alikuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, nao wafanyakazi wa Nairobi walimjua vizuri kabla wanasiasa hawajamjua. Kesi ilipelekwa mbali na watu, mahali ambapo simu na hoteli vilikuwa shida, na mbele ya Ransley Thacker, jaji aliyekwisha kustaafu, aliyetafutwa makusudi kwa kazi hiyo, na ambaye alipewa pauni 20,000 kando ya mshahara. Hukumu ilitoka Aprili 1953: miaka saba ya kazi ngumu. Miaka mitano baadaye shahidi mkubwa wa serikali, Rawson Macharia, aliapa kwamba alisema uwongo. Naye akafungwa, lakini si kwa uwongo uliomtia Mzee gerezani. Alifungwa kwa hati ile ya pili iliyoukana uwongo huo.

Nani waliokwenda kuwatetea watu hao? Walikuwa mawakili. D. N. Pritt alitoka Uingereza, Chaman Lall alitoka India, H. O. Davies alitoka Nigeria, Dudley Thompson, mtu wa Jamaica, alikuwa akifanya kazi ya uwakili Tanganyika. Na kutoka Nairobi walisimama A. R. Kapila, Jaswant Singh na Fitz de Souza. Walishindwa mbele ya Thacker, kama kila mtu alivyotazamia. Lakini kwa sababu yao dunia ilijua kwamba ile haikuwa mahakama. Basi ni ajabu kubwa kusikia leo watu wa vyama vilivyozaliwa katika mapambano hayo wakisema kwamba wakili anayemkabili jaji wa serikali analeta fujo za kigeni. Kama Kapenguria ilikuwa dhuluma, ilikuwa dhuluma kwa sababu mwamuzi alikuwa mtu wa mshtaki. Haiwezi kuwa dhuluma Mwingereza akiifanya, kisha ikawa busara tukiifanya sisi.

Uhuru ulipokuja, katiba ya Kenya ilimwekea jaji ulinzi. Hakuweza kuondolewa kazini ila baada ya baraza maalumu kuchunguza na kuona kwamba ameshindwa kazi au mwenendo wake ni mbaya. Huo hasa ndio uhuru wa mahakama. Si jambo la kifalsafa. Ni kwamba jaji akiamua leo dhidi ya serikali, kesho atakuta kiti chake pale pale, mshahara wake haukupunguzwa, wala hakupelekwa ghafula mwisho wa nchi.

Mwaka 1986 bunge la chama kimoja liliondoa ulinzi wa namna hiyo kwa Mwanasheria Mkuu na kwa Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali. Mkaguzi ndiye anayesema fedha za kodi zimekwenda wapi, na wafanyakazi wangepaswa kushtuka siku ile ile. Agosti 1988, baada ya mjadala wa saa chache tu, ikawa zamu ya majaji. Tangu hapo Rais aliweza kumwondoa jaji bila baraza lolote. Na tazameni ni kitu gani kilichofungwa katika kifurushi hicho hicho: polisi waliruhusiwa kumweka mtu anayeshukiwa kwa kosa kubwa siku 14 kabla ya kumfikisha mahakamani, ambapo zamani ilikuwa saa 24. Mambo hayo mawili hayakukutana kwa bahati. Anayetaka kukaa na mtu siku 14 katika chumba cha giza hataki kuwapo jaji wa kuuliza habari zake siku ya pili. (Mwaka huo huo wa 1988, upande wa pili wa mpaka, mahakama za Tanzania ziliruhusiwa kuanza kusikiliza kesi za haki za raia zilizoingizwa katika katiba mwaka 1984. Jirani mmoja alikuwa akifungua mlango na mwingine akiufunga.)

Hata kabla ya sheria hiyo, watu walikwisha kuonyeshwa mambo yatakavyokuwa. Mwaka 1987 fundi mmoja alikamatwa na polisi, hakurudi nyumbani. Mkewe alikwenda kwa mawakili, na mawakili wakaiomba Mahakama Kuu iwaamuru polisi wamlete mtu huyo, akiwa mzima au maiti. Hiyo ni amri ya zamani sana katika sheria, na ni silaha ya mnyonge kuliko silaha zote, kwa maana haiulizi mtu ni nani wala amefanya nini; yauliza yuko wapi. Polisi walijibu kwamba alipigwa risasi akitoroka na kwamba amezikwa Eldoret. Jaji Derek Schofield aliamuru kaburi lifukuliwe. Yakafukuliwa makaburi, na maiti ya mtu huyo haikupatikana. Jaji alipozidi kuwabana wakubwa wa polisi, aliondolewa katika kesi hiyo na kuambiwa aende Meru. Hakwenda. Alijiuzulu.

Tungependa wasomaji walifikiri jambo hili polepole. Mwanamke yule hakuomba demokrasia ya vyama vingi, hakupinga sera ya chama, hakutumwa na balozi. Alimtaka mumewe. Na mtu mmoja katika serikali nzima aliyekuwa na uwezo wa kumjibu alinyang'anywa faili. Kama kuna mfanyakazi anayeamini kwamba uhuru wa mahakama ni mambo ya wasomi, na atuambie mke wake atakwenda kwa nani siku yeye asiporudi kutoka zamu ya usiku.

Sisi hatusemi kwamba majaji wa siku hizo wote walishurutishwa. Wengine walikimbilia kutumikia kabla ya kutumwa. Katiba ya Kenya ilikuwa na sura nzima ya haki za raia, na ndani yake ikasemwa kwamba Jaji Mkuu anaweza kutunga kanuni za namna ya kuleta kesi za haki hizo. Kanuni hizo hazikutungwa. Basi mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaamuliwa mahakamani kwamba, kwa kuwa kanuni hazipo, haki zenyewe haziwezi kudaiwa. Yaani mtu amenyimwa maji ya kisima cha kijiji kwa sababu msimamizi wa kisima hajanunua ndoo, na msimamizi huyo ndiye anayemfukuza.

Mwaka 1989 Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuzuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, mahali ambapo makabwela hupumzika Jumapili na watoto wao. Jaji Norbury Dugdale alimwambia kwamba hana haki ya kushtaki, kwa maana yeye mwenyewe hakudhurika zaidi ya watu wengine. Wenye jumba walikuwa akina nani? Kampuni ya gazeti la chama kilichotawala. Sisi tunaoandika katika magazeti ya vyama hatuna budi kulisema jambo hilo bila kuung'ata ulimi. Jumba halikujengwa, kwa sababu waliotazamiwa kutoa mikopo walirudi nyuma kwa kelele za watu. Mahakama haikuwa na sehemu katika wokovu huo.

Hapa lafaa neno moja kwa wale wanaodhani kwamba dawa ni kuwa na majaji wazalendo tu. Schofield alikuwa Mwingereza, na Dugdale alikuwa Mwingereza. Mmoja alikataa kuinama, mwingine hukumu zake zilikuwa faraja ya wakubwa. Ngozi haikuwatofautisha wala pasipoti. Majaji wa kigeni wa siku hizo walikaa kwa mikataba, na anayetia sahihi ya kuongeza mkataba ni serikali. Katika hali hiyo ujasiri wa jaji huwa ni tabia yake mwenyewe, na nchi haiwezi kujengwa juu ya bahati ya tabia ya mtu mmoja.

Waliosema wakati huo walikuwa wachache. Gibson Kamau Kuria, wakili, alitoa taarifa kwamba atawashtaki wakuu wa serikali kwa niaba ya watu walioteswa wakiwa mikononi mwa polisi. Jibu lilikuwa kumtia yeye mwenyewe kizuizini, Februari 1987, hata Desemba. John Khaminwa alikwisha kuwekwa kizuizini mwaka 1982 kwa sababu ya watu aliowatetea. Akawekwa tena Julai 1990. Mwezi huo huo walichukuliwa Gitobu Imanyara, mhariri wa jarida la sheria la Nairobi Law Monthly, na Mohammed Ibrahim, ambaye miaka ya baadaye alikuja kukaa kiti cha Mahakama ya Juu ya nchi ile ile. Kamau Kuria safari hiyo aliwahi kukimbilia ubalozi wa Marekani.

Lakini yatazameni majina mengine ya Julai 1990, ndugu wanachama, kwa maana hapa ndipo penye somo lenu. Kenneth Matiba na Charles Rubia hawakuwa wapinzani wa kuzaliwa. Walikuwa watu wa chama kilichotawala. Wote wawili walikuwa wamekaa katika baraza la mawaziri. Mwaka 1988 wapiga kura walipangwa mlolongo nyuma ya wagombea, kisha watu wakaona mstari mfupi ukitangazwa kuwa umeshinda mstari mrefu, na Matiba akajiuzulu uwaziri. Chama kikamfukuza. Alipodai vyama vingi akatiwa kizuizini bila kesi, akapatwa humo na ugonjwa wa kupooza ambao hakupona sawasawa hata alipofariki mwaka 2018. Bunge lililopunguza nguvu za majaji lilikuwa bunge la chama chake, na alipozihitaji nguvu hizo hakuzikuta. Sheria ya kizuizini haisomi kadi ya chama. Au tuseme inaisoma, lakini kadi ya mwaka jana haina thamani mwaka huu.

Uganda walikwisha kuliona hilo kwa ukatili zaidi. Benedicto Kiwanuka alikuwa kiongozi wa chama na Waziri Mkuu kabla ya kuwa Jaji Mkuu. Septemba 1972 askari wa Idi Amin walimchukua ndani ya jengo la Mahakama Kuu, Kampala, mchana. Hakuonekana tena.

Kenya ilirudisha ulinzi wa majaji mwishoni mwa 1990. Sifa ya jambo hilo isipewe watu wa nje peke yao, kama desturi ilivyo. Mawakili walikuwa wamelisema tangu 1988, maaskofu wakalisema mimbarani, na kamati ya chama chenyewe iliyoongozwa na Makamu wa Rais, George Saitoti, ilipozunguka nchini mwaka 1990 kusikiliza maoni, wananchi waliisemea mambo ambayo viongozi hawakuyatazamia. Kumbe watu walikuwa wakijua. Twaipenda habari hiyo ya kamati, kwa kuwa yaonyesha kwamba chama kinaweza kusikia kikitaka. Ubaya ni kwamba kilingoja mpaka damu imwagike barabarani ndipo kikatafuta viti na meza vya kusikilizia.

Wala mawakili hawakuwa kitu kimoja, na anayewasifu kwa jumla anawadanganya watu. Machi 1991 Chama cha Mawakili cha Kenya kilimchagua Paul Muite kuwa mwenyekiti, naye akasema waziwazi kwamba vyama vingine viandikishwe. Mara wakatokea mawakili wengine, wanachama wa chama hicho hicho, wakaenda mahakamani kuomba amri ya kuizuia halmashauri yake isiseme mambo ya siasa. Amri ikatolewa, na wajumbe wa halmashauri wakatiwa hatiani kwa kuidharau. Kesi ya ngedere ilikuwa imepelekwa kwa nyani. Mpaka mwisho wa mwaka huo kifungu kilichofanya Kenya nchi ya chama kimoja kilikuwa kimefutwa, na hatukusikia kwamba waombaji wale walirudi mahakamani kulalamika.

Gharama ya mambo hayo nani analipa? Tangu 2010 Mahakama Kuu ya Kenya imekuwa ikiwapa fidia watu walioteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House. Kwa Matiba, mwaka 2017 iliamuriwa alipwe zaidi ya shilingi milioni 500. Fedha hizo hazitoki katika mifuko ya waliotesa. Zinatoka katika kodi; yaani dereva wa basi na mchuma chai, ambao hawakumpiga mtu, ndio wanaotozwa. Mhasibu yeyote wa chama cha wafanyakazi aweza kuona kwamba ingekuwa rahisi zaidi kumwachia jaji mmoja wa 1987 afanye kazi yake.

Sasa twataka kuwageukia mawakili wenyewe na majaji, maana hatukuandika haya ili kuwapamba. Uhuru wa jaji si ruhusa ya kuuza hukumu. Nairobi ilikuwa na mzaha wa uchungu: kwa nini umlipe wakili ilhali waweza kumnunua jaji? Na pale penye jaji wa kununuliwa, mchukuzi wa fedha mara nyingi alikuwa wakili mwenye joho safi. Mwaka 2003 kamati iliyoongozwa na Jaji Aaron Ringera ilitaja kwa tuhuma za rushwa majaji watano wa Mahakama ya Rufani, 18 wa Mahakama Kuu, na mahakimu 82. Waliotajwa wengi waliondoka wenyewe kimya kimya. Wengine waliomba kusikilizwa, na baadhi walisafishwa. Namna ile ya kuchapisha majina magazetini kabla ya mtu kusikilizwa hatukuipenda, hata kwa wenye hatia, kwa sababu ni desturi itakayotumiwa siku nyingine kwa wasio na hatia. Lakini uchafu ulikuwapo. Mawakili walikuwa wakiujua, na walikaa nao kwa miaka mingi.

Tena kuna jambo la ada. Mtu aliyefukuzwa kazi bila malipo hawezi kumlipa wakili kwa mwezi mmoja fedha ambazo yeye huzipata kwa miezi sita. Mawakili wanapohubiri utawala wa sheria, kabwela anayo haki ya kuuliza: sheria hiyo inauzwa bei gani? Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1973, kimekuwa kikiwasaidia maskini katika kesi za nyumba, kazi na ardhi bila kuwatoza ada ya wakili wa mjini. Kituo kimoja na vingine vya mfano wake havitoshi kwa nchi nzima. Vyama vya mawakili katika Afrika Mashariki vingepata marafiki wengi zaidi katika viwanda na mashamba kama kila wakili angechukua kesi chache za namna hiyo kila mwaka, na kazi hiyo ihesabiwe, isiwe ya hiari ya siku ya sikukuu.

Wako waliokwisha kuilipa gharama hiyo kwa roho zao. Mwaka 2016 wakili Willie Kimani alikuwa akimtetea dereva wa bodaboda aliyepigwa risasi na askari polisi, akalalamika, na badala ya kulipwa akaanza kubambikiwa mashtaka. Juni mwaka huo, baada ya kutoka katika mahakama ya Mavoko, wakili, mteja wake na dereva wa teksi aliyewabeba walitekwa nyara. Maiti zao zilitolewa mtoni karibu na Ol Donyo Sabuk. Wakili, mwendesha bodaboda, dereva wa teksi: watatu hao hawakuwa wa tabaka moja, nao walikufa pamoja kwa sababu mmoja wao alithubutu kumshtaki askari. Mawakili walifunga ofisi zao, wakaandamana, wakakataa kuingia mahakamani kwa siku kadhaa. Kesi ilikwenda miaka sita. Julai 2022 askari watatu na mpelelezi wao mmoja walitiwa hatiani. Februari 2023 mmoja alihukumiwa kifo na wengine vifungo virefu. Miaka sita ni mingi mno. Lakini mwaka 1987 kesi kama hiyo isingefika popote. Ingekwisha kwa jaji kuhamishwa.

Na kwa mfanyakazi ambaye bado anadhani kwamba mambo haya yamhusu mtu mwingine, na atazame hati yake ya mshahara. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilianza kukata asilimia 1.5 ya mshahara wa kila mfanyakazi kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri akatakiwa kutoa kiasi kama hicho. Nyumba ni kitu chema. Walakini Novemba 28, 2023 majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema kwamba makato hayo hayakuwekewa sheria ya kutosha, tena yanawabagua wenye mishahara kwa kuwaacha watu wengine wenye mapato. Januari iliyofuata Rais William Ruto alisema hadharani kwamba kuna majaji walionunuliwa wanaozuia kazi ya maendeleo, na kwamba hatakubali. Tarehe 12 Januari 2024 mawakili walitoka Nairobi na miji mingine wakiwa na utepe wa zambarau, wakasema kwamba mwenye ushahidi wa rushwa aupeleke panapohusika, na asiye nao atii hukumu au akate rufani.

Hilo ndilo neno letu pia. Serikali ina mlango wa rufani kama raia mwingine yeyote, na Mahakama ya Rufani ilipokataa kusimamisha hukumu hiyo, serikali ilikwenda bungeni, ikatunga sheria mpya Machi 2024 inayowagusa hata wasio na mishahara, na makato yakaendelea. Mfanyakazi hakuokoka kukatwa. Alichopata ni kwamba mzigo hakuachiwa peke yake, na kwamba aliyetaka kuchukua fedha zake alilazimishwa kuja mchana, kwa sheria iliyoandikwa. Katika nchi ambayo jaji anaogopa, asingepata hata hilo.

Siku hizi ni watawala wachache wanaothubutu kumfukuza jaji kwa barua ya asubuhi. Ziko njia nyingine. Katiba ya Kenya ya 2010 ilitoa uchaguzi wa majaji katika mkono wa mtu mmoja na kuupa Tume ya Huduma za Mahakama, ambamo mawakili wana wajumbe wawili waliowachagua wenyewe, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Tume ilipopendekeza majaji 41 mwaka 2019, Rais wa wakati huo alikaa na majina hayo karibu miaka miwili, ingawa wakili mmoja alishtaki na Mahakama Kuu ikaamua Februari 2020 kwamba lazima waapishwe. Juni 2021 waliapishwa 34, na sita wakaachwa nje. Baadhi yao walikuwa wameamua kesi ambazo hazikuwapendeza wakubwa. Sita hao waliapishwa Septemba 2022, baada ya rais kubadilika. Katika muda huo wote mahabusu walikaa rumande wakingoja majaji, na kesi za kazi zikalala.

Njia ya mwisho ni mfuko. Novemba 2019 Jaji Mkuu David Maraga, yule yule aliyeongoza Mahakama ya Juu kufuta uchaguzi wa rais Septemba 1, 2017, alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema kwamba fedha za mahakama zimekatwa kiasi cha kuzuia hata mahakama za kuzunguka vijijini zisisafiri. Jaji ana kiti, lakini gari halina petroli; na mwanamke wa kijijini mwenye kesi ya shamba la marehemu mumewe hataambiwa kwamba uhuru wa mahakama umeguswa, ataambiwa tu arudi mwezi ujao. Chama cha Mawakili kililipeleka jambo hilo mahakamani. Vyama vya wafanyakazi havikusikika sana, na hilo twalilaumu. Mfuko maalumu wa Mahakama uliotajwa katika katiba ya 2010 ulianza kufanya kazi Julai 2022, yaani baada ya miaka 12. Viongozi wa wafanyakazi wanaokwenda bungeni kila mwaka kutoa maoni juu ya bajeti, hasa juu ya mishahara na kodi, na waongeze swali moja katika karatasi yao: ni kiasi gani kilichoandikwa kuingia katika mfuko huo, na ni kiasi gani kilichofika.